Jumamosi za Gofu Kishanda

Mimi ni Mhaya, kwa hiyo nikiulizwa jambo nisilolijua siwezi kusema silijui. Watu wa mikoa mingine wanatuita nshomile, yaani nimesoma, na wakituita hivyo hawatusifu. Basi siku Jamali aliponiuliza kama nimewahi kucheza gofu, nilijibu kabla hajafunga mdomo.

Tulikuwa watatu dukani kwake, Bukoba mjini: Jamali mwenyewe, muuza vitambaa ambaye mama yake alitoka Tanga; Mwalimu Karugendo, mkuu wa shule mstaafu; na mimi Audax, mpima ardhi mstaafu, mkazi wa Buhembe. Jamali alikuwa ameona kwenye simu hoteli moja ya ufukweni huko Unguja yenye kiwanja cha gofu. Akasema wastaafu wa maana hupumzikia sehemu kama hizo. Nikamwambia gofu nimeicheza sana nilipokuwa kazini Morogoro. Ukweli ni kwamba siku moja nilimshikia bosi wangu ile bendera ya kwenye shimo, na mvua ikanyesha kabla hajamaliza.

Tukakubaliana kwenda, nami nikachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya safari. Watu watatu, kamati kamili, kundi la WhatsApp, na Mwalimu Karugendo akiandika muhtasari wa kila kikao. Vikao viwili vizima viliisha kwa kubishana rangi ya kofia. Hakuna aliyeuliza nani atatufundisha kupiga mpira, maana mwalimu alikuwa mimi.

Fimbo nilikuwa nazo, hilo sikudanganya. Mhandisi mmoja mgeni aliyemaliza mradi wa barabara aliniuzia mfuko mzima, nao ukalala stoo miaka sita chini ya magunia ya kahawa. Nilichokosa ni mahali pa kujifunzia bila kuonekana. Buhembe haiwezekani, ukipiga chafya pale jirani anakuombea afya. Ndipo nikakumbuka Kishanda, kijijini kwetu Muleba, ambako mama yangu anaishi peke yake. Nyuma ya kibanja chake, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, kuna rweya, uwanda wa nyasi usiolimwa, mkubwa, na hakuna mtu wa mjini anayefika.

Naona aibu kusema hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilikumbuka rweya kwanza, mama baadaye.

Mama yangu, Ma Klaudia, ana miaka themanini na nne. Jumamosi ile ya kwanza alinikuta mlangoni akashika kifua.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, Mawe," nikamjibu, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa Kihaya. "Nimekuja kukusalimia tu."

Akaenda kumenya ndizi. Mimi nikazunguka nyuma ya nyumba na mfuko wangu.

Mpira wa kwanza niliukosa. Wa pili niliupiga, ukaingia kwenye nyasi zinazofika kiunoni, na hadi leo sijui uliko. Baada ya kupoteza sita nikaazima fyekeo la mama, nikaanza kukata nyasi kuzunguka pale niliposimama ili nipate japo kakiwanja. Jumamosi ya tatu nilikuwa nimeshafyeka eneo la kutosha, na hapo ndipo niliponaswa.

Kwetu, mtu akionekana anakata nyasi za rweya, haulizwi. Anakwenda kuzitandaza chini ya migomba ili udongo usikauke. Mama alikuwa ameniomba nyasi hizo miaka miwili, na kila mara nilimjibu kwamba nitatuma mtu. Sikutuma mtu. Sasa jirani yake, Ma Edvina, aliponiona na fyekeo, alipiga vigelegele.

"Ma Klaudia! Njoo uone! Audax anakukatia nyasi za kibanja kwa mikono yake mwenyewe! Ofisa mzima!"

Mama akaja taratibu na mkongojo wake, akasimama pembeni ya migomba. "Wakora, mwanangu," akanishukuru. "Wakora munonga."

Ungekuwa wewe ungesema nini? Nilifunga mizigo ya nyasi, nikajitwisha kichwani, nikazunguka kutoka rweya hadi kibanjani mara tisa, nikiwa nimevaa suruali nyeupe ya gofu. Jumapili katekista akanitaja kanisani kama mfano kwa wana waliosahau kwao.

Tangu hapo nilikuwa mfungwa wa uongo wangu. Kila Jumamosi nilipiga mpira kwa muda wa saa moja nikijificha, kisha nikakata nyasi kwa muda wa saa mbili hadharani, kisha nikakaa na mama jikoni tukala ndizi na maharage. Alinisimulia jinsi baba alivyomposa akiwa na viatu vya kuazima. Alinionyesha migomba aliyoipanda kila mtoto wake alipozaliwa. Nilianza kuzipenda saa hizo kuliko kitu chochote cha wiki yangu, na kadiri nilivyozipenda ndivyo nilivyojiona tapeli. Sasa niliogopa jambo moja tu: mama ajue kwamba sikuja kwa ajili yake.

Gofu yenyewe haikwenda popote. Kwa wiki zote hizo nilipiga vizuri mara mbili, na moja kati ya hizo nililenga upande mwingine.

Siku ya safari ikapangwa, Jumapili, ndege ya saa tatu asubuhi kutoka Bukoba. Kwetu mtu hasafiri mbali bila kumuaga mzazi, kwa hiyo Jumamosi nilikwenda Kishanda mikono mitupu, bila mfuko. Nikamwambia mama nakwenda Unguja kwenye semina ya wapima ardhi.

"Semina ya kupiga kile kimpira?" akauliza.

Masikio yaliniwaka moto. "Mawe, ulijua?"

"Rweya ina ukuta? Tangu siku ya kwanza nakuona kutoka hapa jikoni, unapiga nyasi kama unaua nyoka."

"Na nyasi nilizokukatia?"

"Nilikuwa nazihitaji, waitu mwanangu."

Nikainamisha kichwa. Nilitaka kuomba radhi lakini sikujua nianzie kwenye uongo upi. Akaniwahi.

"Niambie ukweli. Umeshaujua huo mchezo?"

"Bado, Mawe. Hata kidogo."

Akashusha pumzi, nikadhani ananihurumia.

"Afadhali," akasema. "Kabla ya kimpira hicho nilikuwa naona magari yanapita tu. Sasa umekuja Jumamosi kumi na moja. Nimepeleka nia ya Misa kwa Padri, inasomwa kesho. Aliniuliza tuombee nini. Nikamwambia, mwanangu asiujue upesi mchezo huo."

Nina miaka sitini na mbili. Nililia pale jikoni, na sikusingizia moshi.

"Misa ni saa ngapi?" nikauliza.

"Saa tatu."

Nikampigia Jamali palepale, mama akinisikiliza, nikamwambia waende tu wawili, mimi bado najifunza.