Mkia wa Penseli

Karani wa shule alijifunza mazingaombwe kwenye simu, wakati wa mapumziko, akiwa amejifungia stoo ya karatasi na chaki. Hayakuhitaji kitu zaidi ya penseli ndefu na kikaratasi. Mtu anaandika namba, na wewe huiangalii karatasi, unaangalia mkia wa penseli unavyocheza hewani. Saba inakwenda pembeni halafu inashuka. Nane inajizungusha na kurudi ilikotoka.

Alitaka kuyaonyesha kwenye sherehe ya kufunga shule, ingawa tangu utotoni aliogopa macho ya watu. Jumapili mchana, vyombo vikiwa havijaoshwa, akamkalisha mumewe mezani wafanye mazoezi. Mume alikuwa mfamasia wa hospitali, na kazini walimwita Kompyuta, kwa vile hakuna dawa aliyowahi kuiuliza mara mbili. Akaandika, akakunja kikaratasi, akakiweka chini ya stepla.

“Nane,” mke akasema.

“Umekosa.”

Mke akakikunjua. Ilikuwa nane, tena imenona.

“Nakutania, mama watoto,” mume akacheka. Utani ulikuwa jadi yake, na mke naye akacheka, ila kicheko hakikumtoka moyoni.

Wakarudia. Mkia ulichora mbili, hata kipofu angeiona. “Mbili,” mke akasema. Mume alimtazama mkewe, akaitupia stepla jicho, akarudi kumtazama, mithili ya mwanafunzi anayeibia jibu kwa jirani.

“Eeh, mbili,” akasema.

Mke akakumbuka jiko la gesi ambalo mume aliliacha likiwaka, na jioni mume alipochelewa akidai barabara imefungwa, wakati majirani wote walipita hapohapo. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakulala kitanda kimoja na mtu huyu. Aliogopa kujua. Aliogopa zaidi kutojua, kwa sababu kesho yake mume alikuwa na zamu ya kupima dawa za watoto wachanga.

“Moja ya mwisho,” akasema.

Mume akaandika nne. Mke aliiona mstari kwa mstari.

“Tisa,” akasema makusudi.

“Hapo umepata,” mume akajibu, akapiga makofi.

Mke akanyoosha mkono kwenye stepla. Mume akamuwahi, akaifunika kwa kiganja.

“Usifungue.”

“Kumbe unajua kwamba unasahau?”

“Najua. Nakusoma uso kabla hujanisoma wangu. Hata kazini ndivyo ninavyofanya. Wenzangu wakikunja sura, najua nimeshika chupa siyo.”

“Na wasipokuwepo?”

Mume akaanza kuvikusanya vikaratasi vingine mezani. Mke akawaza mama fulani, mahali fulani, akimnywesha mwanawe kwa kijiko na kumshukuru Kompyuta.

“Mpigie bosi wako,” akasema. “Mwambie kesho huendi.”

“Mpigie wewe.”

“Ni rafiki yako. Ndiye aliyesimamia harusi yetu. Mpigie mwenyewe, mimi nipo hapa.”

Mume akachukua simu. Akapandisha kidole kwenye orodha ya majina, akakishusha, akakipandisha tena polepole. Kisha akainua macho na kuanza kulitafuta jina usoni mwa mkewe.