Insha Niliyomsafishia Nekesa

Mimi si mtu wa kuogopa. Muulizeni yeyote hapa Mji wa Kale, atawaambia Bi Maisara ana mdomo mkali kama wembe. Lakini asubuhi ile, nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya chuo, buibui lilikuwa limeniganda mgongoni kwa jasho.

Chanzo chake ni adabu. Nekesa, karani wa bohari moja kule Mbaraki, alikuwa akija kwangu kila alasiri akitoka kazini, nimfundishe insha rasmi ya Kiingereza apate kuingia chuo. Nikamfundisha kama ninavyofundisha wote: maneno hayafupishwi, lugha ya mtaani haiingii, msomaji haulizwi maswali, na neno "mimi" halina nafasi kabisa. Insha si barua, haina salamu wala shukrani. Akaitikia, "Ndiyo, Mwalimu." Kumbe siku ya kuipeleka moyo ukamsuta, ati Mwalimu amehangaika naye vile asiambiwe hata ahsante? Chini kabisa akaandika kwa mkono kwamba anamshukuru Bi Maisara aliyemsafishia insha hii.

Lahaula! Sharti la chuo lilikuwa moja: kazi iwe ya mwombaji mwenyewe. Anayekutwa na kazi ya mtu mwingine hafikiriwi tena maisha yake yote. Tukaitwa sote wawili.

"Mwalimu, tutasema nini?" akaniuliza pale benchini.

"Sema niliweka koma tu."

"Na ni kweli?"

"Nyamaza, wanatuita."

Ndani alikuwamo Bwana Bramwel, msimamizi wa maombi ya kujiunga na chuo, mtu mpole, na wapole ndio ninaowaogopa zaidi. "Insha hii haina kosa hata moja," akasema. "Tulidhani imeandikwa na mashine."

Mashine! Siku nyingine ningemjibu jibu ambalo asingelisahau. Siku hiyo nililimeza. "Niliweka koma tu," nikasema.

Akampa Nekesa karatasi tupu. "Andika ukurasa mmoja kuhusu usalama kazini, hapa hapa." Mada ile ile. Nusu saa nzima nilisoma kila dua ninayoijua. Kalamu yake ikaenda, ikasimama, ikaenda tena. Akamaliza. Kisha kwa mazoea tu, maskini, badala ya kumpa Bwana Bramwel, akanigeukia na kuniwekea karatasi mapajani.

Nekesa alipotambua alichofanya alijiziba mdomo. Nami, yarabi, nilikuwa nimekwisha kutoa kalamu nyekundu mkobani.

Njia ya mwongo ni fupi, wallahi.

"Ni mimi," nikasema. "Alileta yake, nikaifuta, nikaandika yangu. Msimwadhibu yeye."

"Yake ilisemaje?"

Nikamwambia. Ilikuwa habari ya Dishon, mfanyakazi mwenzake aliyeanguka kutoka ngazini akavunjika nyonga. Nekesa aliandika: Mimi nilijua ngazi ile imeoza. Nilimwogopa bosi, nikanyamaza. Hayo nikayafuta, nikaweka kwamba ajali hutokea pale tahadhari inapopuuzwa.

Bwana Bramwel akanyoosha mkono. Nikampa karatasi ile mpya, yenye habari ile ile ya Dishon, bila kuitia hata nukta. Akaisoma polepole, akairudia. Nekesa alikuwa ameinama, machozi yanamdondoka magotini.

"Hii ni yako mwenyewe, ila Kiingereza chako kinahitaji kazi," hatimaye akamwambia. "Hicho tutakufundisha. Njoo Jumatatu. Nawe, Mwalimu, usituletee mtu mwingine."

Tukatoka, tukashika njia ya nyumbani mpaka tukafika karibu na Ngome. Nilidhani angekuwa anacheka kwa furaha. Nilidhani hata mimi angenipa pole, kwa vile nilivyofukuzwa. Nekesa akasimama katikati ya njia, wachuuzi wanatupita.

"Mwalimu, ile ya kwanza niliiandika nikilia. Ukaniambia haifai," akasema. "Kumbe ilikuwa inafaa?"

Nikafungua mdomo, huu mdomo wangu unaosifika, nikakosa neno. Nilikuwa nikiwafikiria wote waliowahi kupanda ngazi za nyumba yangu na karatasi zao mkononi, na yale niliyoyafuta, na hofu iliyonishika hapo ilikuwa kubwa kuliko ya mle ofisini.