Mlio wa Mabhena

Kifungo cha juu cha shati kilimshinda Mabhena asubuhi ile, kama kilivyomshinda jana na juzi. Alisimama mbele ya kioo chumbani kwake, mtaani Sizinda, akikisukuma kwa vidole vya mkono wa kulia, na vile vidole vikamtazama tu. Ukafunguka mlango. MaMasuku, mkewe, aliingia na kitambaa kichwani, akakifunga kifungo, halafu akarudi nyuma kumkagua.

"Shingo imenenepa, Baba Nomalanga," akasema. "Acha kula mkate usiku."

"Shati limerudi. Unalifua kwa maji ya moto."

"Ndiyo, maji ya moto."

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiishi tangu baridi ya mwaka ule, Mabhena alipoanguka sebuleni na kulazwa hospitali, akatoka na kiharusi walichokiita kidogo. Kidogo kwa nani? Mkono wa kulia ulioendesha magari-moshi kutoka Bulawayo hadi Hwange haukuweza tena kufunga bomba la jikoni. Alikuwa akilizungusha mpaka pale anapoishia, linabaki likidondoka, tii, tii, naye anasema mpira wa bomba umechoka. MaMasuku anaitikia kwamba naam, mpira umechoka. Akitoka tu, mkewe anakwenda kulifunga. Mabhena aliamini kabisa kwamba siri yake imehifadhiwa vizuri. Wanaume bwana!

Siku hiyo makumbusho ya reli yalikuwa na mkusanyiko wa injini za mvuke. Vichwa vitatu vilikuwa vimetiwa moto tangu jana yake, na kikubwa kuliko vyote kilikuwa Garati, ile injini ndefu yenye tangi la maji mbele na jingine nyuma, ambayo Mabhena aliiendesha mpaka siku ya kustaafu. Harufu ya makaa ya mawe ilimpokea getini. Alivuta pumzi mpaka MaMasuku akamwambia wengine nao wanataka kuvuta.

MaMasuku alikuwa amebeba sufuria na mwiko. Na hapa ndipo penye habari yenyewe.

Enzi za mvuke, kila dereva wa Bulawayo alikuwa na namna yake ya kuvuta mnyororo wa filimbi. Mwingine alikuwa akikatakata, mwingine akilialia kama mtoto asiyetaka kuoga. Treni ikikaribia mji, dereva anapiga mlio wake, na mke wake kule nyumbani anabandika maji ya isitshwala. Mume akifika amechafuka masizi, ugali uko tayari, moto. Mke asiyeujua mlio wa mumewe alikuwa akisemwa kisimani na kanisani. Mabhena alijivunia jambo hili kuliko mshahara wake. Miaka yote alikuwa akiwaambia watu kwamba hata zipigwe filimbi za dunia nzima kwa pamoja, MaMasuku ataichambua yake.

Sasa dada mmoja aliyesimamia makumbusho, Sithabile Ndiweni, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti lakini alikuwa nacho, alikuwa amebuni mchezo. Wake wa madereva wangekaa nyuma ya behewa la zamani, wasione kitu, kila mmoja na sufuria tupu. Madereva wangepanda kwenye Garati mmoja mmoja na kupiga mlio. Mke akiutambua, agonge sufuria kwa mwiko. Akigonga kwa mume wa mwenziwe, mumewe ataosha vyombo vya watu wote baada ya kula.

Wiki nzima Mabhena hakulala vizuri. Mlio wake ulikuwa na mrefu mmoja, vifupi viwili, kisha ule wa mwisho, mrefu, uliopanda juu na kushuka polepole mpaka ukazimika. Ule wa mwisho ndio uliokuwa jina lake. Ulihitaji mkono unaoachia mnyororo kidogo kidogo, kwa utulivu. Mkono wa kushoto haukuwahi kufundishwa kazi hiyo, na wa kulia ndio huo ulioshindwa na kifungo. Angeupiga vibaya, MaMasuku asingemjua. Na kama MaMasuku hamjui, yeye Mabhena ni nani tena? Mzee wa vidonge tu, anayefungwa shati.

"Shemeji!" Sauti ya Gumede ilitangulia mwili wake. "Leo utanipikia tena kama mwaka ule?"

"Nenda huko, mwongo wewe," MaMasuku akasema, lakini alikuwa anacheka.

Gumede alikuwa mtia makaa wa Mabhena kwa miaka mingi kabla hajawa dereva mwenyewe. Alijifunza kila kitu begani kwa mkuu wake, pamoja na ile filimbi. Alipopewa injini yake ya kwanza, akaingia mjini saa za mchana akipiga mlio wa Mabhena, ule ule, mpaka mwisho wake. MaMasuku akabandika. Akasonga. Akasubiri. Ugali ukaganda ukawa tofali. Mabhena alipofika jua linazama, amechoka, anataka chakula, alimkuta mkewe amesimama mlangoni.

"Treni yako imepita mchana," MaMasuku alimwambia siku ile. "Wewe unaingia sasa hivi. Umeshukia kwa nani?"

Mabhena aliapa kwa mama yake, akaapa kwa kampuni. Haikusaidia. Alikula lile tofali kwa maji ya bomba, na ilibidi Gumede aje na kuku wawili kukiri kosa, huku akijiuma ulimi asicheke. Tangu hapo hadithi hiyo imekuwa ikisimuliwa kila harusi, na kila ikisimuliwa tofali linazidi kuwa gumu.

"Mabhena, rafiki yangu," Gumede akasema, akimtazama mkono uliojificha mfukoni. "Unaonekana una baridi."

"Nina joto."

"Kama hujisikii, mwambie Sithabile. Watu wataelewa."

"Nani kakwambia sijisikii? Wewe shughulikia filimbi yako. Hata huna wa kukugongea sufuria."

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Mke wa Gumede alikuwa amefariki mwaka juzi. Gumede akakuna kidevu.

"Ni kweli," akasema. "Kwa hiyo mimi naweza kupiga ninavyotaka."

Mchezo ukaanza. Mzee Hadebe alipanda wa kwanza, akakatakata filimbi kama mtu anayekata sukumawiki, na papo hapo nyuma ya behewa sufuria ikalia. "Hadebe amekula!" Sithabile akatangaza. Akapanda mwingine, mrefu mwenye kofia ya pama, akapiga mlio wake, na zikalia sufuria mbili. Umati ukapasuka.

"Jamani!" Sithabile akasema kwenye kipaza sauti. "Kuna nyumba leo itakuwa na mazungumzo!"

Mwenye kofia alishuka haraka sana kwa mtu wa umri wake.

Kisha akapanda Gumede. Mabhena alikuwa chini, karibu na gurudumu kubwa, anausugua mkono wake kwa mkono mwingine ili upate joto. Filimbi ikalia. Mrefu mmoja. Vifupi viwili. Mabhena akainua kichwa. Ule wa mwisho ukapanda, ukakaa juu ya paa za mtaa wa Raylton, ukaanza kushuka taratibu, laini, bila kutetemeka, mpaka ukaishia hewani kama unavyotakiwa kuishia.

Ulikuwa mlio wake yeye, wa siku zake nzuri kabisa. Wazee waliokuwa wanaufahamu wakapiga mbinja na kumnyooshea Mabhena vidole.

"Shetani huyu," Mabhena akasema kwa sauti ndogo. Akasikilizia behewa. Sasa MaMasuku atagonga. Atagonga kwa nguvu zote, watu watacheka mpaka walie, naye ataosha sahani za mji mzima kwa mkono mmoja.

Behewa likanyamaza. Si sufuria, si kifuniko.

Mabhena alishusha pumzi, amefurahi. Furaha hiyo haikumaliza hata hatua mbili. Kwa nini hakugonga? Mlio ulikuwa kamili. Hata mbwa wa Sizinda wangeutambua. Basi ameusahau. Miaka yote hii alikuwa anajisifia kitu ambacho mwanamke yule ameshakitupa jalalani pamoja na kalenda za zamani.

"Mabhena!" Sithabile akaita. "Panda, baba!"

Alipanda ngazi kwa mkono wa kushoto. Gumede aliyekuwa bado juu akamshika kwapani, akamwinua kana kwamba anamkumbatia, watu wasijue. Ndani palikuwa na joto lile la zamani, na mnyororo ulining'inia pale pale.

"Umenimaliza," Mabhena akamnong'oneza.

"Nilitaka tu nicheke," Gumede akasema. Uso wake haukuwa wa kucheka. "Tuseme nivute mimi, wewe ushike tu?"

"Toka hapa."

Akaushika mnyororo kwa mkono wa kulia. Mrefu wa kwanza ulitoka vizuri. Kifupi kimoja kikatoka, cha pili kikachelewa, kikatoka kirefu kuliko kinavyotakiwa. Akavuta wa mwisho. Ukapanda, naam, ukapanda! Akaanza kuuachia kidogo kidogo, na hapo vidole vikamwacha. Mnyororo ukaponyoka. Mlio ukakatika katikati, kisha mvuke uliobaki ukatoa kisauti kama kuku aliyekanyagwa.

Mtu mmoja alicheka akanyamaza. Mabhena alibaki anautazama mkono wake. Alitamani Garati iondoke naye, ipite Hwange, ipite hata Maporomoko ya Victoria, isirudi.

Ndipo sufuria ikalia.

Haikulia mara moja. Ililia kana kwamba kuna nyumba inaungua. MaMasuku aligonga, akagonga, na sauti yake ikatoka nyuma ya behewa juu ya kelele zote: "Huyo! Huyo ndiye wangu! Mshusheni kabla hajaungua!"

Watu walipiga vigelegele mpaka njiwa wa bandani wakaruka. Mabhena alipofika chini, mkewe alikuwa amekwisha kufika, kitambaa kimeenda upande, mwiko mkononi, mpini umevunjika.

"Shemeji, subiri," Gumede akasema. "Mimi nimepiga mlio wa mumeo hakuna kosa hata moja. Hukugonga. Yeye kapiga vile, samahani Mabhena, na wewe umevunja mwiko. Umejuaje?"

"Wako nimeujua," MaMasuku akasema. "Ulikuwa mzuri mno. Ulikuwa Mabhena wa zamani mtupu."

"Sasa?"

"Sasa Mabhena wa zamani hakai kwangu. Anayekaa kwangu haachi bomba limefungwa. Anazungusha, anafika katikati, mkono unamwacha. Kila siku namalizia mimi. Niliposikia ile filimbi imeishia katikati, nikasema huyo hapo, ni yeye, ameacha bomba tena."

Watu waliokuwa karibu walicheka. Mabhena hakucheka. Alimtazama mkewe kama aliyefunguliwa mlango wa chumba alichodhani amekifunga kwa ufunguo.

"Ulikuwa unajua?"

"Kuhusu mpira wa bomba?" MaMasuku akamrekebishia kola. "Mpira niliuweka mpya tangu Juni, Baba Nomalanga. Mpira ni mzima kabisa."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unaificha kwa bidii sana. Nikaona nisikuharibie kazi."

Loo, ule mkono mbovu! Aliutoa mfukoni alikokuwa ameurudisha, akautazama, na akaanza kucheka, kicheko kilichomtoa machozi, na machozi yale mengine hayakuwa ya kicheko, lakini nani atayachambua mbele ya mvuke wote ule?

Chakula kikapakuliwa kwenye meza ndefu chini ya banda: isitshwala, matumbo ya ng'ombe, na amacimbi, wale viwavi wa mopane, waliokaangwa na nyanya. Yule mwenye kofia ya pama ndiye aliyepewa sabuni ya vyombo, si mume wa yule aliyekosea, na wanawake wawili hawakukaa meza moja. Gumede alisimama pembeni na sahani tupu, akijifanya anasoma kibao cha injini ambacho amekisoma maisha yake yote.

"Wewe!" MaMasuku akamwita. "Kaa hapa. Ulipiga filimbi, sufuria imelia, kula."

"Haikunililia mimi, shemeji."

"Ilikulilia mwaka ule. Nikakusongea ugali mzima, hukuja. Leo umekuja, kaa."

Gumede alikaa, akavuta sahani karibu.

Mabhena alikwenda kunawa kwenye bomba la ukutani. Akanawa, akalifunga kwa mkono wa kulia mpaka pale mkono ulipoishia. Maji yakabaki yanadondoka. Alitazama huku na huku kwa mazoea, tayari kuulaumu mpira. Halafu akageuka kuelekea mezani.

"MaMasuku!" akaita kwa sauti ya dereva, watu wote wakasikia. "Njoo unimalizie bomba."

"Nakuja!" mkewe akajibu, mdomo umejaa. "Usiliguse tena, utaling'oa!"