Mume Wangu Kwenye Lebo

Chupa ile aliniletea mjukuu wangu Capucine, Jumapili moja ya mwezi wa tano, akidhani ananifurahisha. Aliinunua dukani mjini Épernay.

"Bibi, ona, ina jina la babu!"

Kwenye lebo palikuwa na kibonzo cha mwanamume mnene, pua nyekundu kama nyanya, amelala ndani ya pipa na bilauri mkononi. Juu yake pameandikwa: Fungu la Aimé. Nyuma ya chupa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na kisa. Kibarua mmoja wa kampuni ya mvinyo ya Vaudrey alikunywa mpaka akazama, na hadi leo mzimu wake unadoea mvinyo kule chini ya ardhi.

Nilisoma mara mbili. Kisha nikaifungua chupa na kuimwaga yote kwenye sinki, Capucine akinitazama mdomo wazi. Masikini, hakujua kitu. Mama yake hakuwahi kumsimulia, na mimi pia sikumsimulia.

Aimé Roussy alikuwa mume wangu. Alikufa mwaka 1994, siku ya tisa ya mavuno, ndani ya shimo lililo chini ya mtambo wa kukamulia zabibu. Alikuwa na vidonda vya tumbo, na tangu alipopasuliwa, miaka minne kabla ya hapo, hakuonja hata tone. Wenzake walimwita Bwana Maziwa kwa sababu ya kichupa alichokuja nacho kazini kila siku. Wiki ile alipokuja kula mchana aliniambia feni ya kuvuta hewa shimoni imekufa tangu Jumanne, na Hubert de Vaudrey, mtoto wa bosi, hataki kazi isimame ili itengenezwe. Maji ya zabibu yakichacha hutoa gesi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hushuka na kutuama chini, na jicho haliioni. Ukivuta pumzi mbili tatu tu, umekwisha. Kijijini kwetu hata watoto wanajua hilo.

Walimtoa amelowa mvinyo uliotuama shimoni, kuanzia nywele hadi viatu. Basi akina Vaudrey wakaandika kwamba alikuwa amelewa. Nilikuwa na miaka thelathini na sita na binti wa darasa la nne. Nilikwenda ofisini kwao nikapiga kelele mpaka sauti ikanikauka, wakanifungia mlango. Ikawa basi. Na sasa walikuwa wamempaka pua nyekundu na kumpanga madukani.

Nikakata tiketi ya ziara yao. Kikundi kidogo, watu wanane, mashamba asubuhi na ghala kabla ya chakula cha mchana. Nilijiandikisha kwa jina la ukoo wa baba yangu, Pothier.

Dereva wetu, ambaye ndiye alikuwa kiongozi wa ziara shambani, aliitwa Corentin, kijana wa miaka thelathini hivi aliyependa kucheka na maneno yake mwenyewe. Ndani ya gari mlikuwa na mume na mke kutoka Lille waliostaafu juzijuzi, dada wawili wa Kibelgiji, na vijana watatu wa Lyon waliokuja kumuaga mmoja wao kabla hajaoa. Shambani Corentin alituonyesha jinsi matawi ya mizabibu yanavyofungwa kwenye waya. Alikosea. Nikanyoosha mkono kushika tawi.

"Mama, taratibu, huo mmea unadeka kama mtoto wa kwanza," akaniambia.

Safu kama ile nilizifunga kwa vidole hivi kwenye mashamba ya majirani, majira ya baridi arobaini, hadi mgongo ulipogoma. Nikautoa mkono. Sikuwa nimekuja kwa ajili ya matawi.

Ghalani alitupokea Apolline de Vaudrey, binti wa Hubert. Mrembo, sauti laini, skafu ya hariri shingoni. Akatuteremsha ngazi, tukapita kati ya kuta nyeupe za chaki na chupa zilizolazwa kwa maelfu, wale vijana wakipiga picha. Kisha tukapanda upande wa pili hadi kwenye chumba cha mtambo wa zamani. Na lile shimo lilikuwepo. Walikuwa wamelifunika kwa kioo kinene, na ndani wameweka taa ya buluu.

Kumbe watu walikuwa wanakanyaga juu yake.

"Sasa njooni niwatambulishe kwa mfanyakazi wetu mwaminifu kuliko wote," Apolline akasema, akishusha sauti kama anayesimulia watoto. "Aimé! Huyu bwana alipenda mvinyo wetu kupita kiasi. Siku moja ya mavuno alijificha humu ili anywe bila kuonekana. Akanywa, akanywa, akalala. Hakuamka tena. Lakini wanasema alikufa akitabasamu!"

Vijana wa Lyon wakaangua kicheko. Bwana harusi mtarajiwa akaenda kusimama katikati ya kioo, akajitia kwikwi za mlevi.

"Aimé! Tuachie na sisi kidogo, kaka!"

Corentin naye alikuwa anacheka. Alikuwa amekisikia kisa hicho mara mia, na bado alikuwa anacheka.

"Shuka hapo," nikasema.

Yule kijana akageuka. "Unasemaje, mama?"

"Nimesema shuka juu ya mume wangu!"

Sauti yangu iligonga ukuta ikarudi. Kijana akaruka pembeni kama aliyekanyaga kaa la moto. Apolline alibaki na tabasamu lake, ila lilikuwa limeanza kuchoka.

"Samahani, bibi. Hiki ni kisa tu. Wageni wanakipenda."

"Kisa? Mimi ndiye Ghislaine Roussy. Huyo mlevi wako hakuwa anakunywa. Alikuwa anakunywa maziwa! Uliza kijiji kizima. Aliingia humu kusafisha kwa sababu aliamriwa, feni mbovu, hakuna hata mtu mmoja juu wa kumshika mkono. Mkampeleka kaburini na jina la ulevi. Hilo halikuwatosha. Mmemrudisha mumchoree pua!"

"Bibi, naomba tutoke nje tuzungumze..."

"Sitoki. Mwite baba yako."

"Sisi tumelipia kufurahi," mmoja wa wale vijana akanung'unika. Yule mama wa Lille akamgeukia.

"Funga mdomo wako, wewe. Huoni kuna mjane hapa?"

Hubert akaja. Sijui nani alimwita. Kwa miaka thelathini nilikuwa nikikutana naye sokoni, naye kila mara alitazama viatu vyake. Amezeeka, mashavu yameshuka, lakini suti ile ile ya kijani ya mwenye mashamba.

"Ghislaine," akasema.

"Wewe usiniite jina langu. Mwambie binti yako nani aliyekuwa amelewa."

"Mambo hayo yamepita siku nyingi."

"Hayajapita. Yako dukani. Feni ilikuwa inafanya kazi, Hubert, au haikuwa inafanya kazi? Neno moja tu. Ndiyo au hapana."

Akatazama viatu vyake. Apolline alikuwa anamtazama baba yake, na nikaona rangi ikimtoka usoni.

"Baba?" akasema. "Si ulituambia..."

"Watoe wageni," Hubert akamkatisha. "Wape vinywaji, wanasubiri."

Hakuna zaidi. Akaondoka kwa mlango wa nyuma. Kama ningekuwa na kitu mkononi ningemrushia.

Wenzangu wanne walikataa kunywa. Vijana wa Lyon walikunywa. Corentin alinirudisha nyumbani, wengine wote wakiwa garini, na mbele ya mlango wangu akasema, "Mama, nisamehe, mimi sikujua." Nikamjibu kwamba siku ile sikuwa na msamaha wa kumgawia mtu. Ukweli ndio huo.

Habari zilizagaa kijijini kabla ya jioni. Alhamisi iliyofuata akanijia Régis Jolliet, aliyefanya kazi na Aimé miaka kumi na mmoja na kubeba jeneza lake. Alikaa jikoni kwangu akiisokota kofia yake.

"Ghislaine, mimi nilitia sahihi," akasema. "Ile karatasi ya kwamba alikunywa. Hubert alitukalisha watatu, akatuambia atakayekataa asirudi kesho. Wenzangu wawili wameshakufa. Nimebaki mimi."

Nilidhani nilikuwa nimemaliza hasira zangu zote kule ghalani. Hapana. Mtu huyu alikula mezani kwangu kila Krismasi. Alimfundisha binti yangu kuendesha baiskeli.

"Miaka thelathini, Régis!"

"Najua."

"Hujui chochote. Binti yangu shuleni walimwita mtoto wa mlevi. Naye akaja kulia kwako, na wewe ukampa peremende!"

Alilia. Sikumbembeleza, wala sikumpa kahawa. Nilimwekea karatasi na kalamu mezani. "Andika," nikamwambia. "Yote. Feni, Jumanne, aliyewaamuru. Na tarehe." Aliandika kwa karibu saa nzima, nami nikasimama nyuma yake nikisoma kila neno lilivyokuwa likitoka. Alipoandika "bosi" nilimfutisha, akaandika jina la Hubert.

Niliipeleka barua ile kwa gazeti la mkoa, nalo likaichapa mwezi wa sita. Baada ya wiki mbili chupa za Fungu la Aimé zilitoweka madukani, na Corentin akanipigia simu kusema kioo kimefunikwa kwa mbao na kisa hakisimuliwi tena. Kutoka kwa akina Vaudrey nilipata barua moja tu, ya wakili, ikinikataza kukanyaga kwao. Apolline hakuja. Hubert akiniona sasa huvuka barabara, na mimi humtazama mpaka afike ng'ambo.

Barua ya Régis nilimpa Capucine aisome. Aliisoma kwa sauti, akiwa amesimama, na alipomaliza aliniuliza babu yake alikuwa anapenda kula nini. Nikaanza kumwambia.