Foleni ya Ogwedhi

Jumatano moja ya mwaka 1992, Daktari Marcella Bosibori alikuwa akipangusa darubini katika maabara ya chuo mjini Migori, mwanamume mmoja, Maroa, alipoingia. Shingo yake ilikuwa imekatwa hadi mfupani. Akavua kofia.

"Daktari, nimekuja kuchukua damu yangu," alisema. "Ile ingine yote imemwagika Ogwedhi. Mama hataki nizikwe nikiwa mkavu."

Marcella akamvutia kiti. Alimkumbuka. Jana yake alikuwa amemtoa damu kwenye mnada wa ng'ombe wa Ogwedhi, katika utafiti wa kujua kama Wajaluo na Wakuria wana asili moja. Mkuu wa chuo, Profesa Omanga, mtu aliyepanda cheo kwa kumbebea mbunge mkoba, aliagiza kila aliyetolewa damu apakwe rangi mkononi, kama fahali aliyeuzwa: Wajaluo nyekundu, Wakuria buluu. Eti mtu asidungwe mara mbili. Marcella alikubali, maana bila Omanga hakuna utafiti.

Gari la chuo lilipoondoka, vijana wa mbunge wakaingia mnadani na mapanga. Sura hazikuwasaidia kumjua nani ni nani, kwa hivyo walitazama mikono. Kila mwenye nyekundu walimkata.

"Lakini wewe ni Mkuria, hata kwa jina," Marcella alisema, akiutazama mkono wake wenye rangi nyekundu.

"Ulinisalimia kwa Dholuo, nikajibu. Hukuuliza, ukapaka."

Aibu ilimchoma Marcella. Alifungua friji akampa chupa. Maroa akaimimina shingoni, midomo ikarudiwa na rangi, akashukuru. Nyuma yake foleni ilifika langoni, wengine wamebeba mikono yao iliyokatwa kwapani. Majina yalikuwa yamebanduka chupani kwa unyevu, basi kila mmoja akapewa iliyokuwa karibu. Zote ziliwafaa. Utafiti ulikuwa umekamilika, na friji ilikuwa tupu.

Omanga aliingia, akawaamkia wafu kwa heshima, akachungulia friji.

"Sasa huna ushahidi. Ripoti nitaandika mimi: damu ni mbili. Jumanne utarudi Ogwedhi."

"Siendi, Profesa."

"Basi ataenda mwingine," alisema, akabeba mkebe wa rangi ya buluu.

Jumatano iliyofuata foleni ilirudi. Mikono yote ilikuwa na buluu. Marcella aliwafungulia friji waone wenyewe kwamba hamna kitu. Hawakuondoka. Akakunja mkono wa koti lake, akatafuta mshipa wake mwenyewe, akamwita wa kwanza.