Daraja Lililoegemea Riba

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei. Manyunyu yalianza kabla ya alfajiri, na ofisi ilipofunguliwa madirisha yalikuwa bado yanatoka jasho.

Mama Daraja hakutulia. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu kazi yake ni kuzipa kampuni daraja: hii ikikopa italipa, ile ina mashaka. Leo kamati ingepitisha daraja A alilokipendekezea kiwanda cha vigae. Kiwanda kilitaka kuuza hatifungani ili kikope kwa umma, na mfuko wa wastaafu ulikuwa tayari kununua kikipata A tu. Leo pia mwenyekiti angeamua kama mkataba wa Mama Daraja, unaokwisha mwezi huu, ugeuke ajira ya kudumu.

Asubuhi nyumbani mumewe alikuwa amemtania. "Mke wangu, umeiombea chai mpaka imepoa. Inywe basi."

Hakuinywa. Kuna jambo lilikuwa linamkereketa. Ofisini alikaa, akainuka, akazunguka meza, mwishowe akavuta kiti hadi kwa Mtabiri, mwenzake anayekadiria riba ambayo wanunuzi wa hatifungani watadai.

"Ile asilimia kumi na mbili ya kiwanda uliitoa wapi?"

"Kwenye daraja lako, dada. Kampuni ya A hukopeshwa kwa kumi na mbili. Ingekuwa B, ningesema kumi na saba."

Mama Daraja akasogeza kiti karibu zaidi. "Na mimi A niliitoa kwenye kumi na mbili yako. Niliona riba ni ndogo, nikasema kiwanda kitaimudu."

Mtabiri akaangua kicheko, kisha kikamkatikia njiani. "Yaani wewe umeniegemea mimi, mimi nimekuegemea wewe."

"Na chini hakuna kitu."

"Basi funika kombe! Kikao ndicho hicho kinaanza. Utajichongea bure, dada yangu."

Mama Daraja alikwenda kusimama kwenye korido, karibu na ndoo ya miavuli. Mungu wangu, akanong'ona, usinipe maneno mengi, nipe ya kweli tu. Kisha akaingia.

Chumba cha kamati kilinukia zulia bichi. Kwa utaratibu wao, anayependekeza daraja husema kwanza, halafu hutoka nje ili wengine wapige kura.

"Haya mama, tusikie," mwenyekiti alisema. "Fupi fupi, tuna mengine."

"Mzee, naomba msipige kura. Daraja hili nimelijenga juu ya riba, na riba imejengwa juu ya daraja hilohilo. Nimekosea."

Mtu mmoja akaguna. Mwenyekiti akavua miwani. "Wateja wanasubiri jibu leo. Na unajua mkataba wako nao uko mezani hapa?"

"Najua, mzee."

Mtabiri, aliyeketi mwisho wa meza, akajikohoza. "Anasema kweli. Hata riba yangu haina mguu."

"Sasa mnataka tufanyeje?" mwenyekiti akauliza.

Mama Daraja akasukuma kiti nyuma, akasimama.

"Mbele yenu nyote naahidi. Nitalihesabu upya, nianzie mauzo ya vigae na madeni ya kiwanda, bila kuigusa riba ya Mtabiri. Na daraja litakalotoka, hata likiwa la kutuaibisha, nitalitia saini mimi mwenyewe, ajira niipate au niikose."