Kioo Cheusi cha Profesa

Ninachokiona kwanza ni ukucha wake. Profesa, mtoto wa mjomba, hujichokoa meno kwa ukucha wa kidole gumba, akaufuta kwenye suruali, kisha akabonyeza kibodi kwa kidole hicho hicho. Kusafisha kibodi ni kazi yangu. Mate ya kichefuchefu hunijaa mdomoni.

Dukani kwa mjomba tunafufua kompyuta zilizochoka kwa kuziwekea Linux, mfumo wa bure unaoendesha hata mashine kuukuu. Kuna njia mbili za kuiweka. Moja ni ya picha: unashika kipanya, diski inachorwa kama utepe wa rangi, unaona kipi kinabaki na kipi kinafutwa. Nyingine ni kioo cheusi chenye maneno matupu. Profesa akiwa peke yake hutumia ya picha. Mteja akiingia, humgeuzia kioo na kuanza ile nyeusi.

"Ya picha ni yenu mlioacha shule njiani," huniambia, yeye aliyekaa chuo muhula mmoja. "Mteja akiona maneno yanashuka, anajua hapa kuna kichwa."

Siku moja alikuja mkunga mmoja mstaafu. Kompyuta yake ilikuwa na sauti ya marehemu mumewe akiwaimbia wajukuu, na hakuwa na nakala nyingine.

"Sauti ziko sehemu ya pili ya diski. Hiyo usiiguse, fundi."

"Ondoa shaka, mama. Umefika kwa mwenyewe."

Akageuza kioo, akawa anapiga vitufe huku anamtazama mama usoni, anajisifu. Kioo kiliuliza kama diski nzima ifutwe. Mimi husoma polepole. Kabla sijafika mwisho wa mstari, kidole gumba kilishashuka. Kioo kikauliza tena kama ana hakika. Kidole kikashuka tena.

Linux ilipowaka, sauti hazikuwepo. Profesa alitazama, akakohoa.

"Pole, mama. Diski ilikuwa imeshaoza. Bahati yako nimeiwahi mashine."

Mama alijifuta macho. Kisha akamshika mkono, akamshukuru. Naye akauacha ushikwe, akatabasamu kama mtu aliyepewa haki yake.

"Msindikize mama," mjomba aliniambia kutoka nyuma ya kaunta.

Nilimbebea mfuko wenye kompyuta hadi barabarani. Wateja wengi hudhani mimi ni bubu.

"Alikuwa hajui kuimba, yule mzee," mama alisema. "Watoto walikuwa wanaziba masikio."

Nikasimama.

"Mama, usiiwashe tena hiyo kompyuta. Mpelekee fundi mwingine leo hii, huenda sauti bado zikapatikana. Diski ilikuwa nzima. Kaifuta yeye, kwa sababu alikuwa anakutazama wewe badala ya kusoma alichoulizwa."

Alinikodolea macho. "Na wewe ni nani yake?"

"Ni ndugu yangu, mama. Nakula naye meza moja kila siku, na ananitia kinyaa."